Kutengeneza Nyumba ya Wazazi Wakati wa Likizo

Kila mwaka mwezi wa Desemba unapokaribia, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi, Mbeya na Bukoba hujaa watu waendao kwao kuwaamkia wazee. Wengi wao huchukua mfuko wa nguo, zawadi kidogo, na fedha walizoziweka mwaka mzima kwa ajili ya neno moja tu, yaani kuitengeneza nyumba ya baba. Neno hili ni jema, wala hatuna nia ya kumrudisha mtu nyuma. Lakini tumeona nyumba si chache zilizoharibika kwa sababu ya kutengenezwa, na moja katika hizo ni ya baba yetu sisi wenyewe. Kwa hiyo twaona yafaa tuandike habari ya kazi hii, tukianza na kosa letu, ili wengine wasilipe mara ya pili gharama tuliyokwisha kuilipa sisi.

Nyumba yetu iko katika wilaya ya Muheza. Ni nyumba ya miti na udongo, ya namna ya kawaida katika nchi ile: vyumba vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma, na paa la mabati. Baba aliijenga kwa mikono yake alipokuwa kijana, na kila mwaka baada ya masika alikuwa akikandika mahali palipobanduka. Tulipokua, sisi ndugu watatu tulikwenda mjini kutafuta kazi, naye akabaki na mama. Mwaka mmoja tuliafikiana tuchukue likizo zetu pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 28 za likizo kwa mwaka. Lakini ukiondoa siku za safari, za sikukuu na za kuwazuru jamaa, kwetu zilibaki kama siku 18 za kazi. Tuliziona ni nyingi.

Tulifika jioni. Kesho yake asubuhi tulikuwa tumekwisha kumleta fundi mwashi, mifuko ya saruji na gari la mchanga. Baba alikuwa ameketi barazani akitutazama. Tulimpa shikamoo, tukamwambia, "Baba, wewe pumzika, kazi hii ni yetu." Akajibu, "Haya, wanangu, Mungu awabariki." Tukadhani ameridhika. Mama alisema jambo moja tu, kwamba kisima kimekuwa mbali kwa miguu yake; tukamjibu kuwa habari ya maji tutaitazama mwaka ujao. Basi tukapiga lipu ya saruji ukuta wote wa mbele na wa kulia, tukapaka rangi nyeupe, na mstari wa buluu chini. Majirani walikuja kutazama, wakasifu sana. Tulipiga picha nyingi, tukarudi mjini tumefurahi.

Mwezi wa Aprili mama alitupigia simu. Lipu ya ukuta wa kulia ilikuwa imevimba kama tumbo la ngoma, na usiku wa mvua kubwa ilianguka kipande kizima pamoja na udongo uliokuwa nyuma yake, karibu na kitanda chake. Hakuumia, tunashukuru. Lakini nguzo zilizokuwa ndani ya ukuta zilionekana zimeliwa na mchwa mpaka usawa wa goti, zimebaki ngozi tupu, na mama alilala katika chumba cha kuwekea mahindi kwa muda wa miezi miwili. Tulipokwenda kutazama tulimwuliza baba, "Baba, wewe ulijua kuwa haya yatatokea?" Akasema, "Nilijua. Udongo na saruji havipatani." Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia?" Akajibu, "Mliniambia nipumzike."

Sasa na tueleze sababu ya ukuta ule kuanguka, maana wengi hudhani kuwa kitu kigumu zaidi ndicho kitu bora zaidi. Udongo hunywa maji na kuyatoa. Siku za mvua huvimba kidogo, siku za jua husinyaa, na mwendo huu hauna mwisho. Lipu ya saruji ni ngumu, haifuati mwendo ule. Kwa hiyo baada ya muda hushikana na udongo kwa shida, kisha huachana nao kabisa, ingawa kwa nje huoni kitu. Hapo hutokea nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa nyufa zile, na yakiisha kuingia hayana njia ya kutokea, maana saruji imefunga mlango. Udongo ulio nyuma hugeuka kuwa uji. Tena mchwa wapenda giza na unyevu. Zamani walipopanda juu ya ukuta wa udongo, baba aliziona njia zao asubuhi akazibomoa kwa fimbo. Sisi tulipoweka lipu tuliwajengea ushoroba wa siri, wapande wapendavyo bila kuonekana na mtu.

Jambo hili halikuanza Muheza. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wanaozitunza hutaka zizibwe kwa chokaa, si kwa saruji, kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu kufungiwa ndani. Na katika nchi ya Mali uko msikiti mkubwa wa Djenné, uliojengwa mwaka 1907, wote ni wa udongo. Umesimama zaidi ya miaka mia moja, maana kila mwaka watu wa mji hukusanyika kuukandika upya kwa mikono yao. Ukuta wa udongo hautaki kufunikwa mara moja kwa maisha. Wataka kutazamwa kila mwaka.

Basi kazi ya kwanza ya mtu afikaye kwao likizoni si kumwita fundi. Siku ya kwanza azunguke nyumba pamoja na baba au mama, polepole, na mzee ndiye aongoze. Yeye amelala humo mvua zote. Ajua ni upande gani upepo huleta mvua, bati lipi huvuja, na mlango upi haufungi tangu masika ya mwaka juzi. Mwulize anataka nini, kisha unyamaze. Wazee wengi hawatasema mara ya kwanza, maana huona haya kuomba kwa mtoto wao, au huogopa kuonekana hawana shukrani. Mwulize tena jioni mkiwa mmeketi. Sisi tulimwuliza baba mara tatu, na mara ya tatu ndipo aliposimama, akachukua kisu cha jikoni, akatuonyesha.

Kisu kile ndicho chombo cha kwanza cha kutengenezea nyumba. Choma nguzo mahali inapoingia katika ardhi, na kidogo juu yake. Mti mzima hukataa kisu; mti ulioliwa hukipokea kama muhogo uliopikwa. Tena gonga kwa mpini: mti mzima hulia sauti nzito, na ulio mtupu hulia kama debe. Mahali penye lipu ya saruji gonga pia, utasikia ni wapi imeachana na ukuta. Kisha tazama chini ya matone ya paa. Kama ardhi imechimbika mfereji karibu na ukuta, na ukuta wenyewe umelika kiasi cha futi moja kutoka chini, umekwisha kumjua adui.

Habari ya nyufa yataka maneno machache. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mtu huijua. Lakini uko ufa wa kuziba, na uko ufa wa kuuliza. Nyufa ndogo nyingi zinazokwenda huku na huku kama ramani ni za udongo uliokauka upesi. Hizo huzibwa tu. Ufa mmoja unaotoka pembe ya mlango au ya dirisha ukapanda kwa mshazari, mpana juu kuliko chini au chini kuliko juu, huonyesha kuwa msingi unatitia au nguzo imeoza. Ukiuziba huo bila kujua sababu yake, utarudi. Chukua kalamu, tia alama katika ncha zake mbili, uandike tarehe ukutani. Mwachie baba kalamu. Ukirudi likizo ya pili utajua kama ufa unakwenda au umelala.

Na sasa maji. Katika kazi zote tulizofanya mara ya pili, hii ndiyo iliyotufundisha zaidi. Paa letu lafunika mita 8 kwa mita 10, yaani mita mraba 80. (Mafundi wetu hupima kwa futi, lakini hapa mita ni rahisi zaidi.) Mvua ya milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mvua moja nzuri ya milimita 20 huleta juu ya paa lile lita 1,600. Tuseme sehemu moja katika tano hupotea, zabaki lita 1,280, yaani ndoo 64 za lita 20. Maji hayo yote yalikuwa yakianguka chini ya ukuta, pande mbili za nyumba, miaka yote. Na siku hizo hizo mama alikuwa akishika njia ya kisimani na ndoo moja kichwani. Maji yaliyokuwa yakiangusha nyumba ndiyo yale yale aliyotuomba, nasi tulimwambia angoje mwaka ujao.

Kwa hiyo mara ya pili tulianza na mifereji ya bati kandokando ya paa, na tangi la lita 2,000. Mfereji ushuke kidogo kuelekea upande wa tangi. Ukiwa sawasawa, maji husimama, majani huoza, na mbu huzaa humo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati, kwa hiyo maji yake yamwagwe, yasiingie katika tangi. Mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu mwembamba. Wala usiweke tangi juu ya udongo mtupu: lita 2,000 ni uzito wa kilo 2,000, na tangi likiinama huvunja mabomba yake. Lijengewe kitako cha mawe, na maji yanayofurika yaongozwe mbali, shambani, si kwenye msingi uliokuwa ukiokolewa. Maji ya kunywa yachemshwe kama mengine.

Pale ambapo mfereji haukufika tuliinua ardhi kuzunguka nyumba kwa kokoto na udongo ulioshindiliwa, uteremke kutoka ukutani, ili matone yakimbie. Na kwa watu wanaoezeka upya twasema hivi: panueni upenu. Mabati yakitokeza futi mbili nje ya ukuta, ukuta wa udongo hukaa. Yakitokeza kiganja kimoja tu kwa ajili ya kuokoa bati, hakuna lipu itakayousaidia. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa mkunjo, si ndani ya bonde ambamo maji hupita. Jambo hili ni dogo, lakini tumeona paa jipya zima likivuja kwa sababu yake. Tena mjue kuwa bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Wauzaji wengine hawana haraka ya kumweleza mnunuzi habari hiyo.

Nguzo zilizoliwa tulizitengeneza namna hii, kwa shauri la baba na la fundi mmoja mzee wa kijiji. Kwanza tulisimamisha mti wa muda ndani ya chumba kuutegemeza mtambaapanya, ili uzito wa paa usikae juu ya nguzo mbovu. Kisha tulibomoa udongo kiasi cha mkono mmoja kila upande wa nguzo, tukaikata pale penye mti mzima, usawa wa goti au juu kidogo, tukaondoa sehemu iliyooza yote. Chini yake tulijenga nguzo fupi ya mawe na saruji (hapa saruji ni mahali pake), ikapanda kutoka ardhini mpaka kuupokea mti. Hivyo mti haugusi tena ardhi. Mchwa aweza kupanda juu ya jiwe, lakini atajenga njia yake mahali unapoiona, na fimbo ya baba itafanya kazi yake. Nguzo zitengenezwe moja moja. Asiondoe mtu nguzo mbili zilizo jirani kwa siku moja, hata kama fundi ana haraka, na watoto wasilale chumba kile mpaka kazi imekwisha. Wazee wa pwani walitumia boriti za mikoko, nazo hukaa miaka mingi, lakini siku hizi mikoko haikatwi bila kibali cha serikali, wala hatumshauri mtu ajaribu.

Baada ya hapo ndipo tukakandika. Hii ilikuwa kazi ya furaha, na ilitugharimu kidogo kuliko zote. Udongo mwekundu tuliuchimba chini ya futi mbili, mahali pasipo mizizi. Hatukujua tutie mchanga kiasi gani. Baba alitufundisha kujaribu. Tulikandika vipande vitatu ukutani, kila kimoja futi moja kwa moja: cha kwanza udongo sehemu moja na mchanga moja, cha pili udongo moja na mchanga mbili, cha tatu udongo moja na mchanga tatu. Baada ya siku tatu cha kwanza kilikuwa na nyufa, cha tatu kilitoa vumbi kikifutwa kwa mkono, cha pili kilikuwa kizima. Udongo wa kijiji chako waweza kutaka kipimo kingine, kwa hiyo jaribu kwanza. Tulitia majani makavu yaliyokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu, tukauacha siku mbili umefunikwa, tukaukanyaga tena. Ukuta wa kale hunyunyizwa maji kwanza, na udongo hutupwa kwa nguvu ili ushike. Majirani walikuja kwa ujima, kina mama wakachota maji, vijana wakakanyaga, mama akapika wali na maharage. Ukuta ulipokauka tulipaka chokaa, ambayo yauacha udongo utoe unyevu wake. Chokaa yachoma, apakaye afunge macho yake kwa miwani na mikono yake kwa mifuko, wala watoto wasiichezee.

Kuna mambo mengine ambayo kijana hayaoni kwa sababu yeye si mzee. Katika nyumba nyingi zilizotengenezwa na watoto waliofanikiwa twaona sakafu ya vigae vinavyong'aa. Vigae hivyo vikilowa ni utelezi, na mzee wa miaka 75 akianguka akavunjika nyonga, uzuri wa sakafu hautamwinua. Sakafu ya saruji iliyopigwa fagio kabla haijakauka, isiteleze, yamfaa zaidi. Imwagiliwe maji na kufunikwa kwa muda wa siku saba, maana saruji haipati nguvu kwa kukauka upesi, bali kwa kukaa na unyevu. Na hii ni sababu moja ya kumaliza kazi ya sakafu mapema katika likizo, si siku moja kabla ya kupanda basi. Ngazi za mlangoni ziwe fupi, kama inchi 6, na zote sawasawa, maana mguu wa mzee huzihesabu gizani. Mti wa kushika ukutani, mkono wa kulia wa kutokea, ni gharama ndogo sana.

Tusisahau mbu. Wao huingia sana kwa ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa, ambao sisi huuacha kwa ajili ya hewa na moshi. Katika nchi ya Gambia waganga walijaribu jambo hili, na habari zake zilichapishwa mwaka 2009: nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi ule ziliingiwa na mbu pungufu ya nusu ya wale walioingia nyumba zisizotengenezwa. Lakini ukiziba uwazi wa jiko umemfungia mama moshi. Vyumba vya kulala vitiwe wavu. Jiko liwe na tundu lake la moshi juu, au likae uani.

Liko neno moja zito, nalo si la mawe wala miti. Nyumba ni ya nani? Mtoto mmoja akitoa fedha nyingi, mwingine akitoa nguvu za mikono yake, mwingine hana kitu cha kutoa, huenda siku moja, wazee wakiisha kuondoka duniani, yule wa kwanza akasema, "Mabati haya ni yangu." Wenyeviti wa vijiji na walimu wasomao habari hii wamekwisha kuyasikia maneno haya, na Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji, yaliyowekwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hupatanisha mashauri mengi yaliyoanza na wema. Sisi tuliketi jioni moja mbele ya baba na mama na mjomba, tukasema wazi kuwa kila tulichotoa ni zawadi kwa wazazi, wala hakuna aliyenunua ukuta. Dada yetu, ambaye mwaka ule hakuwa na kazi, alikuwa amenyamaza tangu tulipofika. Baada ya maneno yale ndiye aliyekanyaga udongo kuliko wote. Kama fedha ni mkopo na si zawadi, hilo nalo lisemwe na liandikwe, kabla ya msumari wa kwanza.

Habari ya mafundi tutaipita upesi. Nunua vitu mwenyewe, upatane kazi kwa kazi, si kwa siku, na fedha utoe kidogo kidogo kwa kadiri ya kazi iliyokwisha. Usiondoke ukawaachia wazee kumfuata fundi aliyekwisha kulipwa. Hao hawana miguu ya kumfuata. Ni afadhali kutengeneza chumba kimoja kikaisha kuliko kufungua vinne na kuviacha wazi, masika yakaja mwezi wa Machi. Sisi likizo ya pili tulikuwa na fedha pungufu ya nusu ya tulizotumia mara ya kwanza. Hatukupaka rangi mahali popote isipokuwa chokaa ile, na hakuna jirani aliyekuja kupiga picha.

Masika yaliyofuata tulikuwa mjini. Usiku wa mvua ya kwanza kubwa tulipiga simu, na mama ndiye aliyepokea. Tulimwuliza habari ya ukuta wa chumbani kwake. Akasema hajautazama, amesimama nje karibu na tangi na taa mkononi, asikilize maji yanavyoingia. Asubuhi baba alizunguka nyumba yote na kisu chake, akatuletea habari: nguzo zote nzima, njia moja ya mchwa katika pembe ya kushoto, ameibomoa; ufa wa mlango wa ukumbi haujapita alama ya kalamu. Kazi iliyobaki kwa likizo ijayo ni choo, maana kile cha zamani kiko mbali na mama hawezi kuchuchumaa vema tena. Baba amekwisha kuchagua mahali, ameweka vigingi vinne, na ametuagiza tusilete fundi mpaka tumemwuliza.